Uji wa boga, na gunia linalobaki nyumbani

Ukisimama saa kumi na mbili ya asubuhi kwenye barabara ya Buta, kabla ya kufika daraja la mto Tshopo, utaona toleka zinateremka kuingia Kisangani. Hii imebeba gunia la mchele, ile mikungu mitatu ya makemba, nyingine makala mpaka mwendeshaji mwenyewe haonekani. Mchana zinarudi nyepesi: sabuni, chumvi, sukari, mkate wa mjini ndani ya mfuko wa plastiki. Katikati ya saa hizo watoto wanapita barabara ileile kwenda masomo, na wengi wao hawajatia kitu mdomoni tangu bugali ya jana jioni.

Magunia yale yamefungwa na wanachama wetu. Na watoto wale ni wao.

Habari hii tunaiandika kwa sababu ya maboga yaliyooza, na kosa lilikuwa letu. Misimu miwili iliyopita tuligawa mbegu za maboga kwa ushirika mmoja wa upande huo. Tulionyesha namna ya kupanda kati ya mahindi na kandokando ya muhogo, tukarudi kuhesabu mashina, tukaandika ripoti. Ripoti ilikuwa nzuri. Mvua ilinyesha, nyuki walifanya kazi yao, maboga yakajaa. Tuliporudi baada ya mavuno tukakuta mengine yamelala palepale shambani, yamepasuka, mainzi juu yake. Mengine yalirundikwa nyuma ya jiko. Mbegu zilikuwa zimetolewa, majani yalikwisha kuliwa zamani, lakini nyama yenyewe ya boga ilikuwa ya mbuzi.

Tuliuliza kwa nini. Mama mmoja alitujibu bila hasira, akiendelea kuchambua sombe: "Mulituambia tupande. Tulipanda. Kukula, hamukusema kitu."

Alisema kweli. Katika vijiji vingi vya huku boga ni chakula cha njaa: linachemshwa na chumvi wakati muhogo umekwisha, na mtoto anayelileta shuleni anachekwa. Hakuna mtu anayelima zao kwa moyo ili achekwe.

Basi tukaanza kutafuta mapishi. La kwanza kutufikia lilitoka mbali, katika kitabu kidogo alichotuachia mgeni mmoja. Huko Marekani, mavuno ya maboga yanapoingia, watu wanapenda kula asubuhi uji wa oti uliochanganywa na boga lililopondwa, mdalasini, tangawizi, kungumanga na karafuu. Ni chakula kizuri, hatukatai. Oti ni nafaka ya nchi za baridi. Hapa kwetu tunaiona ndani ya makopo katika maduka ya mjini, na wengi tunaiita Quaker kwa jina lililo juu ya kopo. Tulinunua kopo moja, tukalipeleka kijijini tupike pamoja.

Kopo lilizunguka mkono kwa mkono. Mama yuleyule wa sombe akauliza bei. Tulipoitaja, akalirudisha mezani taratibu, kama mtu anayerudisha kitu kisicho chake. Kisha akasema: "Hii ni punje tu. Siye punje hatuna?"

Hapo kazi yetu ilianza upya, na hapo ndipo ilipopaswa kuanza. Punje wanazo. Tshopo ni nchi ya mchele. Watu wa pwani, wale Waswahili na Waarabu wa wakati wa Tippu Tip, ndio walioleta kilimo cha mchele mpaka huku kwenye maporomoko ya Wagenia katika karne ya 19, na Kiswahili tunachoandikia jarida hili kilikuja katika mtumbwi uleule. Baadaye kituo cha utafiti cha Yangambi, kilichoanza mwaka 1933 kwa jina la INEAC na leo kinaitwa INERA, kilifanya kazi miaka mingi juu ya mchele wa nchi kavu, huu tunaolima bila kujaza maji shambani. Boga lenyewe asili yake ni Amerika, sawa na mahindi, muhogo na karanga. Kwa hiyo asitokee mtu akasema uji wa boga ni chakula cha wageni. Bugali ya muhogo nayo ilikuwa ya wageni siku moja.

Tulichofanya ni kutoa oti na kutia chenga, vile vipande vya mchele vinavyovunjika mashineni. Chenga zinaiva haraka, zinatoa utelezi kama oti, na sokoni zina bei ndogo kuliko mchele mzima. Mdalasini tuliuacha dukani. Tangawizi iko nyuma ya nyumba. Ukipata karafuu moja mbili, tia, karafuu ya Zanzibar haidharauliwi, lakini bila hiyo uji hauharibiki.

Kabla ya kwenda kwenye sufuria, tuseme kidogo juu ya kile kinacholiwa sasa. Asubuhi ya kawaida, kama ipo, ni chai ya sukari na mkate, au mikate ya kukaanga iliyonunuliwa njiani. Mdogo anayebaki nyumbani anapewa uji wa unga wa muhogo au wa mahindi matupu, mwepesi mpaka unakunywewa kwenye kikombe. Tumbo linajaa, mtoto ananyamaza, mama anaenda shambani. Kufika saa nne njaa imerudi. Unga wa muhogo unatia nguvu ya muda mfupi tu, karibu hauna kabisa kile kinachojenga mwili, na ukizidisha maji unabaki maji. Uchunguzi wa Demografia na Afya uliofanyika nchini mwaka 2013 na 2014 ulikuta watoto 43 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 wamedumaa, maana yake ni wafupi kuliko umri wao kwa sababu ya lishe mbaya na magonjwa ya mara kwa mara. Mtoto aliyedumaa hatumuoni kama mgonjwa. Anacheza, anacheka, tunasema tu "huyu ni mfupi kama babake."

Boga linaleta nini hapo? Tuseme ukweli wote, maana katika mikutano tumewahi kulisifu kupita kiasi. Sehemu kubwa ya boga ni maji. Mtu hawezi kushiba boga tupu, na mwanafunzi aliyekula boga la kuchemsha na chumvi atasinzia darasani kama wengine. Nguvu yake iko katika ile rangi. Nyama ya rangi ya chungwa iliyokolea ina kitu ambacho mwili unakigeuza kuwa vitamini A, inayolinda macho, hasa kuona wakati wa jioni, na kumsaidia mtoto kupigana na magonjwa. Ila kitu hicho hakiingii mwilini vizuri bila mafuta. Na sisi mafuta tunayo: mawese. Mawese mekundu yenyewe yamejaa rangi hiyohiyo, ndiyo maana tunawaomba akina mama wasiyaunguze mpaka yageuke meupe kabla ya kuyatia kwenye chakula. Ukiyachoma, harufu inapungua ndiyo, lakini faida nayo imekwenda na moshi.

Kwa hiyo boga linaleta rangi na ladha, chenga zinaleta nguvu, mawese yanafungua njia, na karanga au soya inajenga. Ukitoa kimoja, uji bado ni uji, lakini si huu.

Sasa, si kila kitu kinachoitwa boga kinafaa, na hapa tulipata somo mapema. Siku ya kwanza ya mapishi mama mmoja alileta tunda alilolima kwa ajili ya mbika. Mbegu zake ni tamu kwenye mchuzi, sote tunazijua, lakini nyama ya matunda mengi ya namna hiyo ni chungu na watu huitupa. Yeye aliona ni hasara kuitupa, akaikatakata. Bahati nzuri bibi mmoja alionja kwanza, akatema, akamwaga sufuria yote chini bila kutuomba ruhusa. Alifanya vizuri. Uchungu ule hautoki kwa kupika wala kwa sukari, na unaweza kumtapisha mtu na kumharisha, mtoto zaidi. Kanuni ni rahisi: kata kipande kidogo cha boga bichi, weka kwenye ulimi. Likiwa chungu, liache, hata kama ni kubwa namna gani.

Boga la uji ni lile gumu lililokomaa. Bonyeza ganda kwa ukucha. Ukucha ukiingia, liache shambani wiki moja mbili zaidi. Kikonyo kinapokauka na kuwa kama mti, vuna, lakini usikivunje: acha urefu wa vidole vinne, kwa sababu boga linaanza kuoza pale kikonyo kilipotoka. Usilibebe kwa kulitupatupa, jeraha dogo linatosha. Liweke juu ya mbao mahali pakavu penye hewa, yasigusane, na uyaangalie kila wiki. Kwa unyevu huu wetu wa Tshopo hatuahidi miezi mingi, lakini yale tuliyohifadhi hivyo yalivuka miezi miwili, wakati yaliyorundikwa nyuma ya jiko hayakumaliza wiki tatu.

Haya, jikoni. Vipimo hivi ni vya familia ya watu sita, na tumetumia glasi ya kawaida ya kunywea maji.

Usiku loweka glasi mbili za chenga katika maji safi. Kulowekwa kunapunguza muda wa kupika, na makala yana bei. Asubuhi menya boga, toa mbegu uziweke pembeni (usizitupe, tutazirudia), kata vipande vyenye uzito wa kilo moja hivi, uvitie sufuriani na maji kidogo tu, funika. Boga lina maji yake, likizidishiwa linakuwa supu. Likilainika, liponde palepale kwa mwiko, kama unavyoponda makemba ya lituma, mpaka mabonge yaishe.

Katika sufuria nyingine chemsha maji lita mbili na nusu, tia chenga zilizolowekwa na chumvi kidogo, koroga mara kwa mara mpaka zifunguke na kuanza kuteleza. Tia boga lililopondwa. Tia tangawizi mbichi iliyotwangwa, kipande cha ukubwa wa nusu ya kidole gumba. Kisha karanga: glasi moja ya karanga zilizokaangwa na kutwangwa laini. Hapa sisi wenyewe tuliharibu sufuria ya kwanza, kwa sababu tulimwaga unga wa karanga moja kwa moja kwenye uji unaochemka, ukafanya mabonge kama mawe ya mto. Koroga karanga pembeni kwanza na maji ya baridi mpaka iwe laini, ndipo uimimine polepole huku mwenzako anakoroga. Acha uchemke dakika kumi kwa moto mdogo. Ondoa juu ya mbabula, tia vijiko viwili vikubwa vya mawese, koroga. Sukari vijiko viwili au vitatu kwa sufuria yote inatosha, maana boga lililokomaa lina utamu wake. Ukiwa na ndizi mbivu mbili, ziponde utie badala ya sukari. Asali ya msituni pia ni nzuri, ila mtoto ambaye hajafikisha mwaka mmoja asipewe asali hata kidogo.

Karanga zichaguliwe moja moja. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, itupwe, wala isipewe kuku. Ukungu wa karanga una sumu inayoharibu ini, na kuzikaanga hakuiondoi. Tunajua wengine huziacha mbaya ili wazisage, kwa kuwa katika unga hazionekani. Ni zilezile.

Asiye na karanga atumie soya, lakini soya si ya haraka. Soya mbichi inazuia tumbo kusaga chakula na inaleta maumivu. Itie kwenye maji yanayochemka tayari, ichemke nusu saa, isugue maganda yatoke, ianike ikauke kabisa, ikaange, ndipo isagwe. Ndugu zetu wa Kivu wanachanganya mahindi, soya na mtama katika unga wa uji wanaouita masoso, na akina mama wengi wanaishi kwa kuuza unga huo. Sisi mtama hatuna, lakini chenga, mahindi na soya tunazo.

Sufuria ya pili ilitoka vizuri kwa ladha, lakini ilikuwa nyepesi. Mazoea ni mabaya: kila aliyepita karibu aliongeza kikombe cha maji ili uji utoshe watu. Bibi aliyemwaga lile boga chungu akachukua kijiko, akachota, akakiinamisha. Uji ukamwagika wote. "Huu ni wa kunywa," akasema, "si wa kukula." Kwa mtoto mdogo hicho ndicho kipimo cha kweli. Anapofikisha miezi 6, ziwa la mama peke yake halitoshi tena, ingawa linaendelea. Na tumbo lake ni dogo, karibu kama ngumi yake. Ukilijaza maji, hakuna nafasi ya kitu kingine. Uji wake ukae juu ya kijiko, uteremke polepole. Umpondee laini zaidi, tangawizi iwe kidogo sana, na usimpe karanga nzima, unga wake tu.

Mama mmoja aliuliza swali zuri: uji mzito mtoto anaukataa, anachoka kuumeza, afanye nini? Kuna ufundi wa zamani ambao wapishi wa pombe ya mahindi wanaujua. Loweka mahindi usiku mmoja, yatandaze kwenye kitambaa chenye unyevu siku mbili au tatu mpaka yaote, yaanike, sugua vimelea vitoke, saga. Ukiona ukungu, tupa yote. Kijiko kidogo cha unga huo, ukikoroga ndani ya bakuli la uji mzito ambao ni wa moto lakini hauchemki, baada ya dakika chache uji unalainika wenyewe bila maji kuongezwa. Urudishe kwenye moto uchemke kidogo, umlishe. Chakula ni kilekile, ila sasa kinamezeka. Wapo waliocheka kwamba tunawafundisha watoto pombe. Hapana, papa: kimea peke yake hakileweshi.

Kuhusu mbinzo. Tuliulizwa kama unga wa viwavi unaweza kuingia kwenye uji, kwa kuwa msimu wake ukifika vinapatikana vingi. Unaweza. Watafiti walijaribu jambo hilo huko Equateur, wakawalisha watoto wa kuanzia miezi 6 mpaka 18 uji wenye unga wa viwavi, na matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Udumavu haukupungua, hilo tuliseme wazi. Lakini watoto waliokula uji ule walikuwa na damu nzuri zaidi kuliko wenzao. Kijiko kimoja cha mbinzo zilizokaushwa vizuri na kutwangwa, au cha samaki wadogo waliokaushwa, kinatosha kwenye bakuli la mtoto. Ladha ya sukari na samaki haipatani, basi siku hiyo acha sukari, tia chumvi. Wengine wetu tunaupenda zaidi hivyo.

Na zile mbegu za boga: zioshwe, zianikwe, zikaangwe. Zina mafuta na zinajenga mwili. Zitwangwe ziingie kwenye uji siku ambayo karanga hazipo, au watoto wabebe mfukoni kwenda masomo. Ila kabla hujazikaanga zote, chagua zilizojaa kutoka kwenye boga tamu kuliko yote, uziweke za kupanda.

Watoto walikula. Hilo halikutushangaza, mtoto mwenye njaa anakula. Kilichotushangaza ni ubishi uliofuata katika mkutano wa ushirika, maana haukuwa juu ya ladha. Ulikuwa juu ya gunia.

Papa mmoja mweka hazina alisimama na kusema maneno yenye uzito. Mchele ni franga. Ushirika ulianzishwa kuuza pamoja ili kupata bei, si kupika uji. Kuna deni la magunia matupu, kuna usafiri, kuna karo. Kila kilo inayobaki nyumbani ni kilo isiyohesabika kwenye daftari lake. Hatukumpinga, kwa sababu sisi pia tumewafundisha hivyo miaka yote: uzeni pamoja, uzeni zaidi. Katika mafomu yetu hakuna hata mstari unaouliza ni mchele kiasi gani uliliwa na watu waliolima.

Tulipiga hesabu pamoja ubaoni. Glasi mbili za chenga ni kama gramu 400. Siku tano za masomo kwa wiki ni kilo 2. Muhula wa wiki 12 ni kilo 24. Haifiki nusu ya gunia la kilo 50, na ni chenga, zile zinazouzwa kwa bei ya chini. Mweka hazina aliangalia ubao muda mrefu. Akasema hata hivyo nusu gunia ni nusu gunia.

Ndipo mama mmoja aliyekuwa amekaa nyuma na mtoto mgongoni akajibu, bila kusimama: "Papa, mukate wa asubui ninaununua na franga gani? Si ya mchele uleule? Unaenda mujini ni mchele, unarudia mukate mudogo, na batoto banagawana."

Watu walicheka, naye papa akacheka. Lakini hawakukubaliana wote, na hatutaandika kwamba walikubaliana. Nyumba kadhaa zilisema zitaacha ndoo ya chenga nyumbani kila zinapotoka mashineni, kabla gunia halijashonwa, kwa sababu gunia likishashonwa halifunguliwi tena. Nyingine zilisema zitangoja zione. Wanaume wawili walisema wazi kwamba neno la mchele si la wanawake, na tunajua hawako peke yao. Tunachoweza kusema ni kwamba safari hii ndoo iliandikwa kwenye daftari la ushirika, katika safu yake yenyewe, kwa mkono wa mweka hazina.

Wanaotaka kupanda msimu unaokuja waanze mvua zinaposhika. Chimba shimo, changanya udongo na majivu na mboji ya jikoni, tia mbegu tatu, kisha ubakize mche mmoja au miwili yenye nguvu. Toka shimo moja hadi jingine hatua mbili, maana boga linatembea. Kandokando ya muhogo na kwenye pembe za shamba la mahindi linakaa vizuri. Katikati ya mchele usilitie, litaukaba. Chuma majani machache machache kwa mboga, usilinyoe shina lote. Na mtu akiona maua ya kwanza yanaanguka bila kuzaa asiogope, hayo mengi ni ya dume, ya jike yanafuata na yana kiboga kidogo chini yake.

Mbegu tulizochagua siku ile ya mapishi, kutoka boga la bibi ambalo kila mtu alilikubali, zimekauka na ziko ndani ya chupa iliyofungwa kwenye depo ya ushirika. Atakayetaka achukue kumi. Baada ya mavuno arudishe ishirini, na bakuli moja la uji aliopika mwenyewe.